Msimamizi wa mirathi alipwe nini? Ulinganisho wa njia tano kwa familia za Lamu na Malindi

Matanga yakishaondolewa na wageni wakapanda boti kurudi kwao, watu wa nyumbani hubaki na jambo ambalo hakuna apendaye kulitamka wa kwanza. Mtu mmoja atatakiwa afuatilie cheti cha kifo, barua ya chifu, hatimiliki, akaunti ya benki, madeni na kesi ya mirathi, na kazi hiyo aghalabu humla mwaka mzima na zaidi. Je, mtu huyo alipwe? Na akilipwa, alipwe kwa hesabu gani hata ndugu zake wasimwone mwizi, na yeye asijione mtumwa wao?

Nimesimamia mirathi ya marehemu baba yangu, nyumba moja ya mtaa wa Langoni mjini Lamu na shamba dogo upande wa Hindi, huko bara, kwa hiyo siandiki kama mpita njia. Hata hivyo, njia tuliyoichagua sisi siipigii debe, kwani nimeona familia nyingine mtaa huohuo zikiitumia ikazivuruga, na nyingine zikatumia njia niliyoikataa mimi zikabaki zinakula sahani moja.

Maneno matatu yasiyochanganywa

Fungu ni haki ya mrithi kwa kuwa ni mrithi, halipungui kwa kuwa hakufanya kazi wala haliongezeki kwa kuwa amefanya. Gharama ni fedha zilizotoka mfukoni mwa msimamizi kwa ajili ya mirathi: ada za mahakama, nauli, mthamini, fundi wa kuzuia nyumba isianguke, wakili kama yupo. Ujira ni malipo ya muda na jasho lake. Ugomvi mwingi niliousikia barazani haukuwa ugomvi wa ujira hata kidogo. Ulikuwa ni mtu anayedai gharama akidhaniwa anadai ujira, au mtu anayejilipa ujira kimyakimya akiuita gharama.

Sheria inasimama wapi

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimpangii msimamizi wa familia asilimia wala mshahara. Kifungu cha 83 kinamwagiza atoe katika mali gharama za mazishi, gharama za kupata hati ya usimamizi (idhini ya mahakama ya kushika mali ya marehemu) na gharama nyingine za kiasi za kusimamia, lakini ujira hakiutaji. Kanuni ya kawaida katika mahakama zetu ni kwamba anayeshika mali kwa amana hafaidiki nayo, isipokuwa marehemu awe ameruhusu katika wasia, warithi wote watu wazima wakubali, au mahakama itoe idhini.

Kwa Mwislamu kuna tabaka la pili. Tangu marekebisho ya mwaka 1990 mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, ingawa Sehemu ya Saba ya sheria ileile, inayohusu usimamizi, bado inamgusa pale isipogongana na sheria yake ya dini. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 170, inaipa mahakama ya kadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wasii (aliyekabidhiwa kusimamia mali) ni mtu wa amana, na aya ya 6 ya Surat An-Nisaa, inayomzungumzia anayeshika mali ya yatima, inamtaka aliye tajiri ajizuie na aliye fakiri ale kwa kadiri ya ada. Ndipo panapotoka fikra ya ujira wa kawaida, yaani kiasi ambacho mtu wa nje angelipwa kwa kazi kama ile, si zaidi. Na kwa kuwa hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie, baba anayeandika kwamba mwanawe mkubwa apewe laki tano kwa kusimamia nyumba moja iliyofungwa asishangae kaburini kama ile ziada juu ya ujira wa kawaida itaangaliwa kuwa ni wasia kwa mrithi, na wenzake wakaukataa.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza ni uwazi: je, shangazi asiyesoma hesabu ataelewa ni kiasi gani kimetoka na kwa nini? La pili ni haki kwa mfanyakazi. La tatu, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine, ni usalama wa wasio na sauti: mayatima, mjane mkongwe, ndugu mgonjwa, mrithi aliyeko ng'ambo. La nne ni kuthibitika mbele ya kadhi au jaji, kwa sababu yeyote mwenye maslahi anaweza kuiomba mahakama imwamuru msimamizi alete hesabu kamili. La tano ni fedha taslimu, maana mirathi nyingi za Lamu ni mawe na boriti, na kwa Malindi ni mchanga na minazi. Thamani ipo, lakini huwezi kuibandua ukamlipa mtu.

Njia ya kwanza: kurudishiwa gharama tu

Namna yake. Msimamizi hadai ujira. Anaandika kila anachotumia, na mali ikipata fedha, au nyumba ikishauzwa au kukodishwa, anarudishiwa kabla ya mgawo. Madeni ya marehemu na wasia hutangulia mirathi, na gharama hizi nazo hutoka kabla ya mafungu kuhesabiwa.

Faida. Ndiyo njia ambayo sheria inaitambua moja kwa moja, haihitaji kikao cha kuidhinisha malipo, na inaacha heshima ya mtu mahali pake. Mwana anayemsimamia baba yake mara nyingi huona aibu kupokea hata kikombe cha kahawa kwa kazi hiyo, na aibu hiyo si jambo la kudharauliwa.

Kasoro. Njia hii inaonekana rahisi na ndiyo inayodai nidhamu kubwa kuliko zote. Sisi ndiyo tuliyoitumia. Masika ya mwaka ule dari ya msana wa juu, yaani ukumbi mrefu wa nyumba zetu za mawe, ilianza kuvuja, boriti mbili zilikuwa zimeoza kwenye ukuta, na fundi alisema zikiachwa miezi mitatu zitashuka na kipande cha sakafu. Nililipa chokaa, mchanga, punda wa kuvibeba kutoka ufukweni, boriti mpya na siku tisa za fundi na msaidizi wake, nusu kwa fedha za mkononi na nusu kwa M-Pesa. Risiti ya chokaa niliipata. Ya punda hakuna duniani. Simu ikaharibika, ujumbe wa M-Pesa ukapotea nayo, na nilipokuja kutaja jumla mbele ya ndugu, dadangu mdogo akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kaka, hizi za fundi umeziandika wapi?" Sikuwa nimeziandika popote. Nikalazimika kwenda kumtafuta fundi Matondoni aje aseme mwenyewe, na kwa wiki mbili nilikuwa nikila chakula cha dadangu huku najua kwamba hajui aniamini au asiniamini. Tangu siku hiyo nikanunua daftari la jalada gumu, na kila nilipotumia shilingi niliandika tarehe, kazi, kiasi na jina la aliyepokea, naye aliyepokea akatia sahihi au dole gumba.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Yuko msimamizi anayesema hataki hata senti, na huku amehamia nyumba ya marehemu bila kodi, au anapokea kodi ya vyumba vinavyokodishwa wageni Shela na kusema ataijumlisha baadaye. Huyo analipwa, tena vizuri kuliko wanaodai waziwazi, ila malipo yake hayana jina. Mtu akichagua njia hii, makazi na kodi viingie katika daftari kama fedha nyingine zozote.

Inamfaa nani. Mirathi ndogo au iliyo wazi, warithi wachache wanaokaa karibu, na msimamizi ambaye ana kipato chake na muda. Haimfai kijana anayeacha kibarua cha kutwa ili apande boti ya Mokowe kila wiki; kumwambia huyo ajitolee ni kumtoza yeye peke yake gharama ya mirathi ya watu wote.

Njia ya pili: kiasi maalumu kilichokubaliwa mapema

Namna yake. Kabla kazi haijaanza, warithi watu wazima wanakaa na kutaja kiasi kimoja, tuseme shilingi 80,000, kitakacholipwa kazi ikimalizika, mbali na gharama. Makubaliano yanaandikwa, kila mmoja anatia sahihi, na nakala inawekwa katika jalada la mahakama. Marehemu pia angeweza kukitaja kiasi hicho katika wasia, kwa tahadhari niliyoitaja kuhusu mrithi.

Faida. Kila mtu anajua mwisho wake. Hata shangazi asiyesoma anaweza kukumbuka namba moja. Na kwa kuwa malipo yanakuja mwisho, msimamizi ana sababu ya kumaliza badala ya kuvuta.

Kasoro. Kazi ya mirathi haijulikani ukubwa wake mpaka uingie ndani. Unaweza kukubali 80,000 ukidhani kuna nyumba na akaunti moja, kisha ukakuta shamba ambalo hatimiliki yake bado ina jina la babu, maana yake kuna mirathi nyingine chini ya hii ambayo haikufunguliwa kamwe. Hali hii si nadra pwani. Makubaliano mazuri huwa na sentensi moja ya ziada: likitokea jambo kubwa ambalo halikujulikana, tutakaa tena. Bila sentensi hiyo msimamizi ama ataacha kazi katikati, ama ataanza kujirudishia kwa njia za pembeni.

Suala la mayatima nalo linaingia hapa. Mlezi hawezi kutoa zawadi kutoka katika fungu la mtoto, hata akiwa mama yake. Kwa hiyo, kama kiasi kilichokubaliwa ni ukarimu wa ndugu kuliko ujira wa kawaida wa kazi, kitoke katika mafungu ya watu wazima waliokubali, na fungu la mtoto lihesabiwe kana kwamba ukarimu huo haupo. Kama ni ujira wa kweli wa kazi iliyowanufaisha wote, upelekwe kwa kadhi au hakimu uidhinishwe ndipo utozwe katika mali yote.

Inamfaa nani. Familia yenye warithi watu wazima wanaosikilizana, mali inayojulikana, na kazi inayoweza kukadiriwa. Nikilazimishwa kusema ni ipi inayoleta maneno machache katika hali za kawaida, nitaitaja hii, lakini neno "kawaida" hapo limebeba mzigo mzito.

Njia ya tatu: asilimia ya thamani ya mali

Namna yake. Msimamizi anapata sehemu ya mia ya thamani ya mali. Njia hii huletwa mezani na ndugu walioko ng'ambo, na hawaisemi bure: Afrika Kusini kiwango cha kisheria ni asilimia 3.5 ya mali, na sheria ya California, Marekani, inatoa asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza kisha inashuka kadiri mali inavyopanda. Kwetu hakuna kiwango kama hicho kwa msimamizi wa familia, kwa hiyo asilimia hapa ni makubaliano tu, haina nguvu ya sheria nyuma yake.

Faida. Haihitaji daftari la siku, na pale mali inapokuwa nyingi na ya aina mbalimbali, inakua pamoja na dhamana anayoibeba mtu. Msimamizi akizembea mali ikapotea, anaweza kudaiwa yeye binafsi, na dhamana ya milioni 50 si sawa na ya laki tano.

Kasoro. Thamani haiendi sambamba na kazi. Nyumba ya mawe ya Mkomani, ndani ya mji mkongwe wa Lamu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, inaweza kuwa na thamani kubwa kwa sababu ya mahali ilipo, na kuihamisha jina kusizidi jasho la kuhamisha kiwanja cha Barani chenye mgogoro wa mpaka ambacho thamani yake ni sehemu ya kumi.

Tupige hesabu moja hadi mwisho, maana asilimia hupendeza mpaka ihesabiwe. Marehemu Mwislamu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na nyumba iliyothaminiwa shilingi 12,000,000, bila deni wala wasia. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, 1,500,000. Inabaki 10,500,000, inagawanywa mafungu saba: kila mwana wa kiume mawili, 3,000,000, na kila binti moja, 1,500,000. Sasa mwana mkubwa ndiye msimamizi na amekubaliwa asilimia 3, ambayo ni 360,000. Zikitolewa juu, inabaki 11,640,000. Mjane anapata 1,455,000, kila binti 1,455,000, na kila mwana 2,910,000. Mjane na mabinti wamechangia 45,000 kila mmoja, mdogo wa kiume 90,000, na mwana mkubwa naye amejichangia 90,000 kutoka fungu lake mwenyewe. Alichopata zaidi kwa kweli ni 270,000, siyo 360,000. Nimeona watu wakigombana kwa sababu upande mmoja ulikuwa ukisema namba ya kwanza na upande wa pili namba ya pili, na wote walikuwa sahihi.

Kisha lile swali la fedha taslimu: mama bado anaishi katika nyumba ile na hakuna anayetaka kuiuza. Hizo 360,000 zitatoka wapi? Mara nyingi jibu huwa "nitachukua chumba cha chini badala yake", na hapo hatari inaanza, kwa sababu msimamizi anayejipatia sehemu ya mali anayoisimamia anasogelea kile ambacho sheria inakitazama kwa jicho kali: kifungu cha 82 kinaufanya ununuzi wa mali ya mirathi na msimamizi mwenyewe uweze kutenguliwa akiomba mwingine mwenye maslahi katika mali hiyo. Nyumba yenyewe haiwezi kuuzwa kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, kwa hiyo haraka haimsaidii mtu.

Inamfaa nani. Mirathi kubwa yenye fedha au kodi zinazoingia, biashara inayoendelea, warithi wote watu wazima waliopiga hesabu hii kabla ya kutia sahihi. Haiwafai wenye nyumba moja na mama ndani yake.

Njia ya nne: ujira wa siku au wa safari

Namna yake. Familia inakubaliana kiwango cha siku ya kazi, karibu na kile ambacho mtu wa kiwango chake angelipwa mjini, na msimamizi anaandika siku alizotumia. Kwa mfano, siku 41 katika miezi kumi na sita kwa shilingi 1,500 ni 61,500, gharama zikiwa mbali.

Faida. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ujira wa kawaida wa fiqhi, na ndiyo rahisi kuitetea mbele ya kadhi kwa sababu kila shilingi ina tarehe yake. Inamlinda pia msimamizi maskini, ambaye hatakiwi kungoja mwisho. Anaweza kulipwa kwa awamu kutoka katika kodi ya duka au mauzo ya nazi, kama kadhi na warithi wameridhia.

Kasoro. Siku ni neno linalonyumbuka. Kwenda ofisi ya ardhi ukakuta mwenye faili hayupo, je, hiyo ni siku? Kwa mtu wa Faza, kisiwani Pate, anayelazimika kulala Amu, yaani mji wa Lamu, ili awahi asubuhi, ni siku mbili. Na kiwango cha siku kinaweza kumfanya mtu mwaminifu kabisa asione haraka. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kuweka kilele: ujira wa siku, lakini jumla isizidi kiasi fulani bila kikao kipya. Familia moja jirani yetu ilimpa mpwa daftari la pili, siku za kazi zikaandikwa sehemu mbili, na kila mwisho wa mwezi yeye alimwendea msimamizi na kusema, "Ami, twakuomba hesabu, si kwamba hatukuamini." Ami alikasirika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alikuwa akimwita mpwa mwenyewe kabla hajafika.

Inamfaa nani. Mirathi yenye kazi nyingi isiyotabirika, hasa mashamba yasiyo na hati safi. Msimamizi wa kipato kidogo. Na familia yenye mtoto mdogo, ambapo kila senti inayotoka itahitaji maelezo siku mtoto atakapokuwa mtu mzima na kuuliza.

Njia ya tano: kumlipa mtu wa nje

Namna yake. Wakili anateuliwa katika wasia kuwa mtekelezaji, au Mdhamini wa Umma, afisa wa serikali anayesimamia mirathi, anaombwa asimamie na kutoza ada zake zilizowekwa kisheria.

Faida. Hana upande katika ugomvi wa ndugu, na anazijua tarehe: orodha ya mali inatakiwa mahakamani ndani ya miezi sita tangu hati itolewe, na usimamizi unatakiwa ukamilike ndani ya miezi sita tangu hati ithibitishwe.

Kasoro. Ni ghali kwa mirathi ndogo, na mtu wa nje hajui kwamba kisima cha shambani kina mkataba wa mdomo na jirani. Anayemteua wakili kuwa mtekelezaji aandike kifungu cha malipo ndani ya wasia, na atofautishe ada ya uwakili na malipo ya utekelezaji, ili mtu asilipwe mara mbili kwa barua moja. Familia inayomtumia wakili kuandika karatasi tu, huku msimamizi akibaki kuwa ndugu, haijachagua njia hii. Ada ile ni gharama na inaingia katika njia yoyote kati ya nne za mwanzo.

Inamfaa nani. Ndugu ambao hawawezi tena kukaa baraza moja, wake wawili wenye watoto wasiosemezana, au warithi ambao wote wako mbali.

Kabla ya kuchagua, jambo moja la kuangalia

Nyumba kadhaa za Amu, na baadhi ya mashamba, ni wakfu, na wakfu haurithiwi. Nimesikia watu wakibishana juu ya asilimia ya msimamizi kwa nyumba ambayo mwishowe karatasi ya babu ilionyesha kwamba haikuwa ya kugawanywa hata kidogo. Angalieni hati kwanza. Na asiguse mtu mali kabla ya kupata hati ya usimamizi kwa kuwa ameahidiwa ujira. Kifungu cha 45 kinaiita kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake inafika faini ya shilingi 10,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mwongozo kwa hali

Ikiwa mali ni nyumba moja, mama anaishi ndani yake na watoto wote ni wakubwa, chagueni kati ya gharama tu na kiasi maalumu kidogo, na kiasi hicho kingoje mpaka fedha zipatikane. Asilimia iacheni.

Ikiwa kuna mtoto chini ya miaka 18, sheria inataka wasimamizi wawili au zaidi, wasiozidi wanne. Hapo ujira wa siku wenye kilele, ulioidhinishwa na mahakama, ndio unaoacha nyayo zinazosomeka, na wasimamizi wakubaliane mapema kama siku moja waliyokwenda wote wawili italipwa mara moja au mara mbili.

Ikiwa mmoja wenu ndiye aliyeacha kazi ili awahangaikie wote, msimwachie aombe yeye. Mrithi mwingine, hasa mwenye uwezo, alitaje jambo kwanza, kwa sababu anayedai ujira wake mwenyewe mbele ya mjane huonekana mlafi hata akiwa na haki.

Ikiwa mirathi ina maduka au nyumba za wageni Malindi zinazoingiza kodi kila mwezi, asilimia ya kodi iliyokusanywa, badala ya asilimia ya thamani ya majengo, inaweza kukubalika kwa kuwa inafuata kazi halisi. Ifunguliwe akaunti ya mirathi benki, kodi isipitie simu ya mtu.

Ikiwa wewe ndiye unayeandika wasia leo, taja msimamizi, taja kama gharama zake zirudishwe, na kama unataka alipwe taja kiasi cha kazi, kisha mwite kijana wako mwingine umsomee maneno hayo ukiwa hai.

Ikiwa ugomvi umeshaanza, msibishane juu ya ujira kwanza. Ombeni hesabu ya gharama, kwa maandishi, na mpeni msimamizi muda wa kiasi kuikusanya. Akishindwa, mahakama inaweza kumwamuru. Hesabu ikija na kukaa sawa, mazungumzo ya ujira hukaa meza ndogo. Kwetu ilichukua jioni moja, baada ya fundi wa Matondoni kuja kusema siku zake tisa, na dadangu ndiye aliyetaja kiasi cha kunirudishia.